Darasa la Kwanza la Baiskeli za Ndani: Kirungu Kiwe Mkononi Mwako

Leo nazungumza na wewe uliyelipia jimu mwezi huu, au uliyealikwa na wenzako wa ofisini, na wiki hii utapanda kwa mara ya kwanza ile baiskeli isiyokwenda popote. Nina jambo moja la kukuambia, na nalisema mapema ili hata ukishuka kwenye daladala kabla sijamaliza uwe umelipata. Darasa la kwanza ni la kuijua baiskeli. Anayepanga ugumu wake ni wewe, kwa mkono wako mwenyewe, hata kama mwalimu anapaza sauti na muziki unatikisa kuta.

Madarasa haya yamekuwa mengi. Dar es Salaam utayakuta Masaki, Mikocheni, Mbezi Beach. Nairobi ndiyo usiseme. Chumba ni kimoja, baiskeli zimepangwa safu kwa safu, spika kubwa pembeni, feni juu, na mwalimu mbele akiwatazama wote. Wanaoingia mle wengi wao si wanamichezo. Ni wahasibu, walimu, wenye maduka, akina mama waliojifungua na sasa daktari amewaruhusu kurudi mazoezini, na wastaafu walioambiwa presha imepanda na uzito upungue. Ni watu wanaokaa kitini mchana kutwa, kisha wanakaa tena foleni kurudi nyumbani. Hao ndio ninaowafikiria jioni hii.

Niseme wazi kwamba mimi nayapenda mazoezi haya na ningependa watu wengi zaidi wayafanye. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima afanye walau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa wiki, au dakika 75 za mazoezi ya nguvu. Sasa mwambie mkazi wa mjini atoke na baiskeli saa kumi na mbili jioni kwenye Barabara ya Bagamoyo, katikati ya malori, bajaji na bodaboda. Au atoke wakati wa masika, barabara imejaa maji na hujui shimo liko wapi. Baiskeli ya ndani inamwondolea hayo yote. Tena magoti hayabebi uzito wa mwili kwa kishindo kama yanavyobeba ukikimbia, kwa sababu umekaa. Na wako watu wazima, hasa wanawake, ambao utotoni hakuna aliyewafundisha baiskeli. Kaka zao walifundishwa, wao wakaachwa jikoni. Baiskeli ya ndani haianguki. Mama wa miaka 55 ambaye hajawahi kupanda baiskeli maishani mwake anaweza kuipanda leo na mapigo ya moyo wake yakapanda kwa faida yake. Hilo kwangu ni jambo kubwa.

Lakini baiskeli hiyo ina tabia zake, na ni lazima uzijue kabla hujaikalia.

Baiskeli ya barabarani, ile Phoenix ya babu au ya mlimani yenye gia, ukiacha kukanyaga pedeli inaendelea kuserereka na miguu yako inapumzika. Hii ya darasani kwa kawaida haikubali hivyo. Mbele ina gurudumu zito la chuma, mara nyingi kilo 15 au 20, na limeunganishwa na pedeli moja kwa moja. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka, na miguu yako pamoja nazo, utake usitake. Ukisimamisha miguu ghafla, gurudumu linaivuta. Ukichomoa mguu mmoja wakati linaenda kasi, pedeli inarudi na kukugonga mundi. Ndiyo maana kitu cha kwanza kukijua ni breki. Chini ya usukani, mbele yako, utaona kirungu. Nyingi zina kirungu hicho kimoja kwa kazi mbili. Ukikizungusha kulia unakaza, na miguu inakuwa mizito. Ukikizungusha kushoto unalegeza. Ukikisukuma chini kwa nguvu, gurudumu linasimama. Baiskeli nyingine zina kishikio cha kuvuta. Mwombe mwalimu akuonyeshe, kisha jaribu mwenyewe mara mbili tatu kabla darasa halijaanza.

Ukiijua asili ya baiskeli hii, utaelewa kwa nini ni kali. Wazo la kukanyaga ukiwa umekaa pale pale ni la zamani: mwaka 1796 Francis Lowndes alisajili London mashine ya kufanyisha mikono na miguu mazoezi, na mwaka 1912 meli ya Titanic ilikuwa na baiskeli za kusimama kwenye chumba chake cha mazoezi. Hizi za madarasa, hata hivyo, zilianza na mtu mmoja anayeitwa Johnny Goldberg, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyehamia California. Miaka ya 1980 alikuwa akijiandaa kwa mashindano ya kuvuka Marekani kwa baiskeli, kutoka pwani ya magharibi hadi ya mashariki, safari ya karibu kilomita 4,800 ambayo wanaoshindania ushindi hulala kidogo sana njiani. Akajitengenezea baiskeli ya kufanyia mazoezi ndani. Baadaye akaanza kufundisha wengine, na miaka ya 1990 kampuni ya baiskeli ya Schwinn ikaanza kuziunda kiwandani. Basi kumbuka unapoikalia: chombo hiki kilizaliwa kwa ajili ya mtu ambaye miguu yake ilikwishazoea mamia ya kilomita. Mgeni anakikalia akiwa ametoka ofisini.

Sasa twende darasani. Nilipoanza mazoezi haya, pembeni yangu alikaa mama mmoja wa makamo, amevaa hijabu na suruali pana ya michezo. Mwalimu, binti mdogo tu, alimwendea kabla hajawasha muziki.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Leo ni mara yako ya kwanza?"

"Ya kwanza kabisa. Hata ya barabarani sijawahi kupanda."

"Basi leo mimi na wewe tunaijua baiskeli tu. Nikiwaambia wenzako wakaze, wewe usiguse kitu mpaka nikuangalie."

Kisha akaanza kumtengenezea kiti, nami nikawa natazama, kwa sababu ilikuwa kazi nzuri kuitazama. Alimsimamisha pembeni ya baiskeli, akamwambia aguse mfupa wa nyonga kwa mkono, akapandisha kiti mpaka kikawa sawa na ule mfupa. Akampandisha. Akamwambia ashushe mguu mmoja mpaka pedeli ifike chini kabisa, akatazama goti: lilikuwa limekunjika kidogo tu, na nyonga haikuwa imeinama upande mmoja kuufuata mguu. Angekuta goti limenyooka kabisa angeshusha kiti. Angekuta limekunjika sana angekipandisha. Baadaye akasimamisha pedeli mbili zikawa usawa mmoja, moja mbele, moja nyuma, akakisogeza kiti mbele mpaka goti la mbele likawa juu ya katikati ya pedeli. Usukani akaupandisha juu ya usawa wa kiti, maana mgongo wa mtu asiyezoea haupaswi kuinamishwa siku ya kwanza. Mwisho akapiga magoti chini, akamweka mguu ili ile sehemu pana ya unyayo, nyuma kidogo ya vidole, ndiyo ikanyage pedeli, akakaza mkanda, akachomeka kamba za viatu ndani. Ncha ya hijabu iliyokuwa ikining'inia akaomba ruhusa, mama mwenyewe akaifunga nyuma.

Haikuchukua hata dakika tano. Naamini zile dakika ndizo zilizomfanya yule mama arudi tena, kwa sababu kiti kikiwa chini mno magoti yanauma, kikiwa juu mno makalio yanachubuka, na mtu anaondoka akiamini mwili wake haufai kwa mazoezi kumbe ni kiti. Ukifika mahali na hakuna anayekutengenezea kiti, omba. Usione haya. Umelipa, na hata kama hujalipa, goti ni lako.

Darasa likianza, mwalimu anapasha watu moto taratibu, kisha anaanza kusema "mlima!" Hapo kila mtu anashika kirungu na kukaza. Waliofuatilia mashindano ya dunia ya baiskeli yaliyofanyika Kigali Septemba 2025, ya kwanza kufanyika Afrika, waliona jinsi milima ya ule mji ilivyowatesa hata mabingwa. Lakini mlima wa Kigali unauona kwa macho. Unajua umefika wapi na kileleni ni wapi. Mlima wa darasani ni sauti ya mwalimu tu, na urefu wake ni jinsi ulivyokaza. Mtu mwenye mwaka mzima darasani na wewe uliyeingia leo mnasikia amri moja, na kama nyote mkizungusha kirungu sawasawa, mnapanda mlima mmoja kwa miguu isiyolingana. Kwa hiyo wenzako wakikaza mizunguko miwili, wewe kaza nusu mzunguko. Wakisimama juu ya pedeli, wewe kaa. Taa zikizimwa na muziki ukipanda, bado kaa.

Usilegeze kabisa, vilevile. Hapa wageni wengi wanadanganyika. Ukilegeza mpaka hakuna uzito wowote, gurudumu linakimbia lenyewe, miguu inalifuata, makalio yanarukaruka kitini, na huna mamlaka nayo tena. Acha uzito kidogo, ule unaohisi kama lami ya barabara ya kawaida chini ya tairi. Walimu wa mazoezi haya wanapendekeza mizunguko 80 hadi 110 kwa dakika sehemu tambarare na 60 hadi 80 kwenye mlima; baiskeli nyingi zina kioo kidogo kinachoonyesha namba hiyo. Siku ya kwanza baki 80 hivi, ukishuka mpaka 70 hakuna ubaya. Na kipimo bora kuliko kioo ni mdomo wako: jaribu kumwambia jirani sentensi nzima. Ukiimaliza bila kukata pumzi, uko vizuri. Ukikatika katikati, legeza.

Maji ni lazima. Baiskeli ya barabarani inakuletea upepo na jasho linakauka likipoza ngozi. Ndani ya chumba upepo huo haupo, na kwa joto la pwani unyevu wa hewa unazuia jasho lisikauke. Kaa karibu na feni, beba chupa yako, kunywa kidogo kidogo kabla hujasikia kiu. Kula ndizi au kipande cha kiazi saa moja au mbili kabla. Mfungaji wa Ramadhani aende baada ya futari, akiwa na maji mwilini. Saa ya mwisho kabla ya magharibi si wakati wa kujaribu zoezi geni. Na ukimaliza, usiruke chini. Endelea kukanyaga polepole dakika chache, kwani damu nyingi iko miguuni na ukisimama ghafla kichwa kinazunguka.

Sasa nifike kwenye sababu ya kuchagua mada hii. Maumivu ya mapaja kesho yake na kesho kutwa ni kawaida. Utashuka ngazi ukishikilia ukuta, makalio yatakuwa na uchungu kutokana na kile kiti, na baada ya siku chache yote yataisha. Lakini kuna jambo lingine linaloweza kumpata mgeni, na watu wetu wengi hawajalisikia. Misuli ya mapaja ni mikubwa kuliko karibu yote mwilini. Ikifanyishwa kazi nzito ambayo haijaizoea, kwa muda mrefu, bila kupumzika, chembe zake zinaweza kupasuka kwa wingi na kumwaga yaliyomo ndani yake kwenye damu. Moja ya yaliyomo ni protini inayoitwa mayoglobini, ambayo ikijaa kwenye figo inaziumiza. Madaktari wanauita ugonjwa huu rabdomiolisisi. Mwaka 2017 madaktari wa New York waliandika katika jarida la American Journal of Medicine habari za wagonjwa waliopatwa nao baada ya darasa la baiskeli la mara ya kwanza. Si wagonjwa wa siku nyingi wala wazee. Wanaopatwa mara nyingi ni vijana wenye afya, na kati yao wamo wanaofanya michezo mingine, wenye moyo na mapafu ya kuvumilia lakini mapaja yasiyozoea pedeli. Anayejiona fiti anakaza zaidi, na hapo ndipo hatari ilipo. Usiogope kupita kiasi. Wanaofika huko ni wachache mno. Ila ni lazima uzijue dalili zake.

Zishike hizi. Siku moja au mbili baada ya darasa, mapaja yanauma kupita maumivu ya kawaida, yamevimba au yamekuwa magumu, huwezi kukunja goti, unahisi mnyonge. Na mkojo umekuwa na rangi nzito ya kahawia, kama ya soda nyeusi. Ukiona hilo, nenda hospitali siku hiyo hiyo, usingoje asubuhi, na mwambie daktari waziwazi: nilifanya mazoezi mazito ya baiskeli, ya kwanza, siku fulani. Watapima damu na mkojo, na wakiwahi, kwa kawaida tiba ni maji mengi ya dripu na kuziangalia figo.

Kuna mazoea yetu mawili ambayo hapa yanazidisha hatari. La kwanza ni kukimbilia duka la dawa kununua diklofenaki au ibuprofeni kila misuli inapouma. Dawa za jamii hiyo zinaweza kuziumiza figo, na figo zilizokwisha kulemewa ndizo zinazoumia zaidi. Kama maumivu ni makali hivyo, dawa isitangulie vipimo. La pili ni kurudi darasani kesho yake "kuyatoa maumivu kwa mazoezi". Pumzika siku mbili tatu, tembea tu.

Na katika nchi zetu liko la ziada. Wapo wengi waliorithi kinasaba kimoja cha selimundu, yaani hawaumwi, wanaishi maisha ya kawaida, na pengine hawajui kama wanacho. Utafiti mkubwa wa askari wa jeshi la Marekani uliochapishwa mwaka 2016 ulionyesha kwamba wenye kinasaba hicho wana uwezekano zaidi wa kupatwa na hali hii ya kupasuka kwa misuli baada ya mazoezi makali. Hawakatazwi mazoezi. Wanatakiwa kuanza taratibu zaidi, kunywa maji zaidi, na kuacha mapema wakiona misuli inawaishia nguvu. Kama kwenu kuna mtoto mwenye selimundu, jua kwamba wewe mzazi, mjomba au shangazi huenda unacho kinasaba hicho, na ni vizuri upime. Kadhalika mwenye presha, kisukari au tatizo la moyo, na mjamzito, aonane na daktari wake kwanza.

Yule mama niliyekuwa naye hakumaliza darasa, na hilo lilikuwa limepangwa. Darasa lilikuwa la dakika 45. Lilipofika katikati, mwalimu alimwonyesha ishara ya mkono kutoka mbele. Mama akalegeza, akakanyaga polepole mpaka pumzi ikatulia, akasukuma kirungu chini, akashuka, akakaa kwenye benchi na chupa yake ya maji akitutazama sisi wengine. Wiki iliyofuata alikaa muda mrefu zaidi. Hakuna aliyemcheka, wala hakuna aliyempigia makofi ya kumhurumia.

Ninalotaka kwa wenye jimu ni kwamba hayo yawe utaratibu, yasitegemee kama mwalimu wa zamu ana huruma au hana. Jimu nyingi zinavutia wateja kwa darasa la kwanza la bure. Wale madaktari wa New York walilitazama hilo pia. Hata kichwa cha makala yao kinataja hilo la bure. Mgeni anaingizwa bure kwenye darasa lile lile la dakika 45 au saa nzima pamoja na wazoefu, anakazana ili asionekane dhaifu, na mwalimu mwenyewe anapimwa kwa jinsi watu walivyotoka jasho. Basi libadilisheni darasa hilo. Liwe la dakika 20 au 25, la wageni peke yao, kwa kasi ndogo, na mtu wa kutengeneza viti awepo robo saa kabla. Muulizeni kila mgeni mlangoni kama ana presha, kisukari, selimundu katika familia, au dawa anazotumia, na majibu yake myaandike. Bandikeni ukutani, kwa Kiswahili, ile habari ya rangi ya mkojo. Karatasi moja tu, pale karibu na kabati za nguo, mahali ambapo kila mtu anapita akitoka.